Tanki Lililojaa Mpaka Shingoni

Wiki iliyopita mwenzangu wa kazini alinipa lifti kutoka Mwanga, na hatujafika mbali nikamwomba asimamishe gari nishuke. Gari lake lilikuwa linanuka petroli. Alicheka, akanidhania nina mimba, akashusha vioo vyote na kuniambia ni kaharufu tu, kila gari lina kwapa lake. Nilishuka hivyo hivyo. Nikasimama kando ya lami, jua la saa nane likinichoma utosini, malori yakinirushia vumbi. Mimi ni mtu mzima mwenye watoto wawili, siogopi nyoka wala mwizi, na mkwe wangu mwenyewe hunisalimia kwa tahadhari. Petroli naiogopa. Wenye umri wangu mliolelewa na baba mkali mtanielewa. Nyie ambao baba zenu waliwabeba mabegani, someni tu.

Tulikaa Same mjini, ng'ambo ya reli, kwenye nyumba ya tofali yenye uwanja wa vumbi jekundu. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya rangi ya samawati. Alipanda nayo milimani kuchukua tangawizi na ndizi, akazishusha mjini, na kwa gari hilo tulikula, tukavaa na kusoma. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kusifiwa. Wamama wa jumuiya walimwambia mama, "Mama Zefania, una bahati, mumeo anajua kulea." Kulea kwenyewe kulikuwa kwa mkanda wa feni. Ulikuwa mkanda wa zamani wa injini, mpira mweusi wenye meno upande wa ndani, umening'inia msumarini nyuma ya mlango wa jikoni. Sisi watoto wawili, kaka yangu Zefania na mimi, tuliujua kuliko tulivyoijua Sala ya Bwana. Gari likigoma kuwaka, baba hakulipiga hata teke. Alilibembeleza, "Twende mama, twende." Sisi tukigoma, alinyoosha mkono nyuma ya mlango.

Watani zetu Wachaga wana maneno yao kuhusu ubahili wa Wapare, na nyumbani kwetu yote yalikuwa ya kweli. Baba alijaza mafuta mjini kabla ya kupanda, maana huko juu petroli huuzwa kwenye chupa za maji kwa bei ya kukomoa. Hakujaza kama watu wengine. Bomba la kituoni likijikata lenyewe kuonyesha tanki limejaa, yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza. "Tikisa!" aliamuru. Yeye alishika bodi upande mmoja, Zefania akashika upande wa pili, penye mdomo wa tanki, wakalisukasuka gari kama watu wanaomwamsha mlevi. Povu lilishuka, akaongezewa kidogo. Wakatikisa tena, akaongezewa tena, mpaka petroli ikaonekana inameremeta shingoni.

"Mzee, inamwagika," kijana wa kituo alilalamika.

"Haimwagiki. Inashuka," baba alijibu.

Ilikuwa inamwagika, na iliyomwagika ilimrukia Zefania. Alikuwa kidato cha pili wakati huo, mrefu na mwembamba, na alipanda gari shati limelowa ubavuni, akikaa nyuma kwenye magunia ili upepo umkaushe.

Harufu ilianza msimu wa tangawizi. Gari likianza kupanda kona za mlima, petroli ilinuka mpaka macho yakawasha. Likirudi mjini, mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka kuliko desturi. Baba alilala chini ya gari pale uani kwetu, akatazama kila pembe. Kukavu. Akalipeleka kwa fundi. Naye fundi akagusa mipira yote, akanusa vidole vyake, akapanguza mikono na kusema, "Mzee, hapa hakuna kinachovuja. Waangalie watu wako." Sijui kama fundi yule yuko hai. Laiti siku ile angeumeza ulimi wake.

Baba hakutafuta mbali. Zefania alikuwa na marafiki waendesha bodaboda pale stendi, na vijana wanaofyonza mafuta ya magari kwa mpira na kuyauza kwa bodaboda walikuwepo, hilo sikatai. Jioni ile baba aliingia chumbani kwetu, akaliokota shati la Zefania sakafuni, akalipeleka puani.

"Hii ni nini?"

"Petroli, baba. Tulipokuwa tunajaza."

"Na mimi nilikuwa pale. Mbona mimi sinuki?"

Mtoto wa kidato cha pili ataanzaje kumwambia baba yake kwamba yeye alishika upande mkavu? Mkanda ulishuka msumarini. Sitaeleza kila pigo. Nitasema tu kwamba mpira wenye meno haukati ngozi kama fimbo, unaing'ata na kuondoka nayo. Mama alipiga magoti akiushika mguu wa baba, akalia, "Baba Zefania, utaua!" Naye baba, huku anahema, akasema hamwui mtu, anamtoa pepo la wizi. Alipochoka alimwuliza Zefania kama ataacha kuiba. Zefania alisema, "Sikuiba," na baba akagundua kwamba bado hajachoka.

Alipokuwa anaurudisha mkanda msumarini alinikuta nimejibanza kando ya gunia la mahindi. Akanishika kidevu, kwa upole kabisa, akaniambia, "Jifunze. Mwizi hafichiki. Mwizi ananuka."

Nikayachukua maneno hayo yalivyo. Nilikuwa darasa la pili, na baba yangu hakuwahi kusema neno la mchezo. Kuanzia kesho yake nikawa nanusa watu. Nilimnusa mwalimu wa hesabu, nikamnusa muuza mihogo, nikamnusa mchungaji alipoinama kunishika kichwa baada ya ibada, na wote walinuka jasho na sabuni, nikashukuru. Kisha nikaenda kumnusa kaka yangu, aliyelala kifudifudi kwa sababu mgongo haukulalika. Shingo yake ilinuka petroli. Nililia sana siku ile. Nilikuwa nampenda mwizi, na sikujua kama Mungu anaruhusu.

Siku mbaya kuliko zote ilikuwa Jumamosi mchana. Baba alikuwa ametoka mlimani na mzigo, na gari likazimika njiani chini ya mlima kwa kukosa mafuta, jambo ambalo halijawahi kumpata tangu alipojua kuendesha. Aliyemwokoa, kwa petroli ya kwenye dumu, alikuwa kijana wa bodaboda, rafiki wa Zefania, ambaye alimcheka kidogo. Baba aliingia uani na dumu lile mkononi, lina kitu kama nusu. Mama alikuwa kwenye kinu, anatwanga mahindi ya makande. Zefania alikuwa anafua sare za shule. Baba alipita mlango wa jikoni bila kunyoosha mkono nyuma yake, na hilo ndilo lililonitisha.

Alimshika Zefania kisogoni, akamburuta hadi kwenye gari, akamwinamisha penye mdomo wa tanki. "Nusa!" akasema, akaubamiza uso wake kwenye bati. "Nusa! Nusa, mbwa wewe!" Kila neno lilikuja na bamizo lake. Nilisikia kitu kinavunjika ndani ya uso wa kaka yangu. Damu ilitiririka kwenye rangi ya samawati, ikadondoka vumbini na kunywewa. Kisha baba akafungua dumu.

"Unapenda petroli? Haya, oga."

Akammwagia kichwani. Zefania alipiga kelele kwa sababu ya macho, akaanguka magoti, petroli na damu vikimchuruzika kifuani. Baba akatoa kiberiti mfukoni.

"Sema uliiba."

"Sikuiba."

"Sema!"

"Sikuiba, baba."

Njiti ya kwanza ilivunjika, maana vidole vya baba vilikuwa vimelowa petroli ile ile. Laiti angefikiri, angejua kwamba wangewaka wote wawili. Hakuwa anafikiri. Alitoa nyingine. Na huku nje vijana wa mtaani walikuwa wameshasikia kelele, wakaingia uani na mawe mikononi, kwa sababu kwetu mtu akionekana amemwagiwa petroli, watu hawaulizi zaidi ya kutaka kujua mwizi ni yupi. Mmoja aliuliza hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu aliyekuja kusaidia: "Mwizi yupi? Huyu?"

Mama hakupiga ukelele. Alikuja na mchi. Aliuinua kama anavyouinua juu ya mahindi, akaushusha kwenye mkono wa baba wenye kiberiti, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Njiti zilitawanyika vumbini. Baba alikaa chini, akautazama mkono wake ulivyopinda mahali pasipo na kiungo. Mama aliwageukia wale vijana na mchi juu, wakarudi nyuma wakakanyagana mlangoni. Halafu akamsimamia mumewe, mtu ambaye kwa miaka yote mama hakuwahi kumjibu hata kwa jicho.

"Washa sasa," akamwambia. "Washa, Baba Zefania."

Hospitalini ilisemwa kwamba baba ameanguka kutoka juu ya mzigo. Kanisani walimwombea apone haraka. Zefania alioshwa uani kwa sabuni ya mche mpaka ngozi ikachubuka, uso umemvimba hadi macho yakafungwa, na hakuna aliyempeleka popote, kwa sababu yeye hakuwa na cha kusingizia.

Shangazi Namsifu alishuka mlimani aliposikia. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, mwanamke aliyeshinda kesi ya mpaka, kesi ya mgomba na kesi ya mbuzi aliyekula maharage ya jirani. Wapare tunapenda kesi, hapo napo watani hawakutusingizia. Alitukalisha sebuleni wote, akasikiliza kila upande kama hakimu, akimkatiza mdogo wake kwa Chasu, lugha yetu Wapare, kila alipopandisha sauti. Baba, mkono kwenye plasta, alitoa neno lake moja.

"Akiri, nitamsamehe. Asipokiri, hana kwake hapa."

"Zefania, unasemaje?" shangazi aliuliza.

"Nikikiri nitakuwa nimesema uongo, shangazi."

Mama ndiye aliyeshindwa. Alimshika magoti mwanawe. "Kiri tu, baba yangu. Kiri yaishe, ukae nyumbani." Zefania alimtazama kwa yale macho yaliyovimba, akatikisa kichwa. Shangazi akainuka, akamfungia nguo zake kwenye kitenge, wakaondoka na basi la mchana. Hivyo ndivyo nilivyobaki mtoto pekee, nikiwa na chumba kizima ambacho sikukitaka.

Na harufu ikaisha. Hapo ndipo hata leo nikikumbuka natamani kupasua kitu. Kwa kuwa baba hakuweza kushika usukani, mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa anaendesha. Mjomba hakuwa na subira. Bomba likijikata, alifunga kifuniko na kuondoka. Alipanda mlima, akashuka, mshale ulikaa mahali pake na gari halikunuka kitu isipokuwa tangawizi. Baba alikaa mezani, akamega ugali kwa mkono wa kushoto, akasema, "Mnaona? Mwizi kaondoka na harufu yake." Alisema hivyo kanisani, alisema dukani, alisema kwa simu kwa shangazi. Nikaona mama anaanza kuinamisha kichwa. Kumvunja mfupa kulimwondolea baba nguvu ya mkono tu. Ile harufu iliyokwisha ikamrudishia nyumba nzima.

Plasta ilipotolewa alitaka kupanda mwenyewe, kuchukua mzigo na kusikia kama kijana amepata akili. Mama hakutaka kumwona shangazi. Alinivalisha gauni la kanisani akaninong'oneza, "Ukimwona kaka yako, mwambie mama anamwomba akiri, arudi." Nikapanda mbele, kwenye kiti ambacho sikuwahi kukalia.

Kituoni bomba lilijikata. Baba alitazama upande wa pili wa gari, pale palipokuwa patupu, kisha akanitazama mimi. "Njoo ushike hapa. Tikisa." Nikashika bodi kwa mikono yote miwili, nikasukuma kwa nguvu zangu zote, maana sikutaka kuwa mtoto anayegoma. Povu lilishuka, akaongezewa. Tukatikisa tena. Petroli iliruka kutoka shingoni ikanimwagikia gaunini.

Tulivuka tambarare ya mikonge, tukaanza kona. Kioo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya vumbi. Kwenye kona ya tatu au ya nne, pale gari linapoinua pua mpaka unaona mawingu tu, harufu iliingia. Ilikuja kwa nguvu, kama mtu aliyefungua mlango. Nikainusa mikono yangu. Nikainusa nguo yangu. Nilikuwa nanuka. Nilikuwa nanuka kuliko Zefania alivyowahi kunuka, na nilikuwa peke yangu na baba kwenye gari, na nyuma ya kiti niliona lile dumu.

"Baba, si mimi," nikasema. "Baba, naapa si mimi. Mimi sijaiba. Usinimwagie."

Alifunga breki pale pale kwenye mwinuko. Aligeuza kichwa akanitazama usoni, akatazama gauni, akarudi usoni, nami nikajikunja chini ya dashibodi na kuziba macho. Nilisikia mlango ukifunguliwa. Nikasikia anaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Halafu nikathubutu kuchungulia nyuma. Alikuwa amelala chali barabarani, nusu ya mwili chini ya gari. Nilishuka nikainama kutazama, na ndipo nikaona alichokuwa anakiona. Chini ya gari kote kulikuwa kumepakwa vumbi jekundu, isipokuwa ubavuni mwa tanki. Hapo vumbi lilikuwa limeoshwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini, bati linang'aa, na petroli ilikuwa inadondoka juu ya jiwe. Baba aliweka kiganja chake chini ya yale matone na kukiacha hapo. Hakukiondoa.

Tukapanda hadi kwa shangazi. Uwanja wa shangazi una mwinuko, na gari lilisimama pua juu, likaendelea kudondosha. Nilimwambia shangazi shikamoo, akaitikia marahaba huku pua yake inacheza. Alizunguka nyuma ya pikapu, akakinga mkono, akanusa.

"Zefania yuko shambani tangu asubuhi," alisema. "Haya, niambie mdogo wangu. Leo nani kaiba?"

"Dada, niache kwanza."

"Sikuachi. Ulitoa hukumu kwa simu, wilaya nzima ikasikia. Leo shahidi amesimama uwanjani kwangu, anatoa ushahidi mwenyewe. Nani kaiba?"

Baba alivua koti, akaingia chini ya gari. Kutoka huko chini alieleza, kwa sauti ndogo, kama anaongea na tanki. Kuna mpira mwembamba wa kupumulia, unatoka juu ya tanki na kupanda hadi karibu na mdomo. Ulikuwa umepasuka pale unapobanwa na klipu. Mafuta yakiwa chini hapapiti kitu isipokuwa hewa, ndiyo maana uani kwetu palikuwa pakavu, na fundi naye hakuona kitu, tanki lilikuwa limeshafika nusu. Lakini likijazwa hadi shingoni, kisha gari likapanda mlima, petroli inakimbilia nyuma na kutokea hapo. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho.

"Na nani anayelijaza hadi shingoni?"

Nilisikia kisu kikikata mpira. Alikata kile kipande kilichopasuka, mpira uliobaki ulikuwa na urefu wa kutosha, akauvisha kwenye bomba lake na kukaza klipu kwa bisibisi. Akapangusa kila mahali kwa tambaa, akarusha vumbi kavu kwenye maungio, akasubiri. Vumbi lilibaki kavu. Kazi yote haikuzidi muda wa kuchemsha chai. Nilimwona anatoka chini ya gari amechakaa ghafla, na sikumwonea huruma. Simwonei hata sasa, ingawa alizeeka vizuri na wajukuu wanampenda.

Zefania alitokea kwenye migomba na kapu la tangawizi begani. Alikuwa amerefuka zaidi. Pua yake ilikuwa imekaa upande, na hilo lilimfanya aonekane mtu mwingine mpaka alipoongea. Alipomwona baba alitua kapu, akasimama mbali kidogo, mbali kuliko urefu wa mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Shangazi alikunja mikono kifuani, akasubiri kesi yake iishe. Baba alitazama bisibisi, akalitazama gari. Mzee wa kanisa yule, aliyejua kuomba toba kwa niaba ya usharika mzima, alikosa pa kuanzia.

"Nimelitengeneza," akasema hatimaye. "Ulikuwa mpira tu. Njoo... njoo unuse. Uniambie kama bado linanuka."

Leo najua kwamba lile ndilo lililokuwa ombi lake la msamaha, alikuwa hana jingine. Zefania naye alijua, nadhani, maana alikuja. Aliinama taratibu penye mdomo wa tanki, kwa hiari yake, akakaa pale muda mrefu, kisha akainuka.

"Sijui, baba."

"Hujui nini? Linanuka au halinuki?"

"Sijui. Tangu siku ile sisikii harufu. Si moshi, si chakula. Makande yakiungua, shangazi ndiye ananiambia."

Baba aliliokota chini lile tambaa alilopangusia tanki, bado linatiririka, akamsogezea puani. "Na hii?"

Zefania alivuta pumzi kwa nguvu, macho amefumba, anajitahidi, kama mtoto mwema anayetaka kumfurahisha baba yake.

"Hapana, baba."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa shangazi, ng'ambo ya uwanja, na petroli ya tambaa lile niliisikia mpaka kooni.